Mkono wa Karani wa Richmond

Kabla jina la ofisa wa kwanza halijaandikwa, ukurasa ulikuwa umeshapita mikononi mwa mafundi kadhaa. Karatasi ya leja katikati ya karne ya 19 ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, ikatiwa gelatini ili wino usisambae, ndipo ikapelekwa kwa mpiga mistari. Mashine yake ilikuwa meza ndefu ya mbao yenye kitambaa kinachozunguka. Juu ya kitambaa ulikaa upau wenye kalamu ndogo za shaba, na kila kalamu ilinyonya wino kutoka kwenye kipande cha sufu kilicholoweshwa. Karatasi ilipopita chini, kalamu ziliacha mistari ya buluu ya kulala. Ilipokauka iligeuzwa upande, kalamu zikapangwa upya, na awamu ya pili ikaacha mistari myekundu ya kusimama, ile inayotenga safu. Sufu ikijaa mno, mstari unavimba. Ikikauka, unakatika katikati ya ukurasa. Fundi aliongeza wino kwa brashi huku mashine ikiendelea kuzunguka, jicho lake likiwa kwenye ncha za kalamu. Kazi hiyo ikitoka safi, anayekuja kuandika haioni kabisa.

Baada yake alikuja mshona vitabu. Karatasi zilikunjwa katika vifungu vidogo, kila kifungu kikashonwa kwa uzi wa kitani juu ya tepe pana na imara. Kitabu cha hadithi husomwa kikarudishwa rafuni, lakini leja hukaa mezani kwa miaka, ikifunguliwa na kuandikwa kila siku ya kazi, tena hadi karibu kabisa na mshono. Ndiyo maana mafundi wa Uingereza walibuni, mwishoni mwa karne ya 18, mgongo wa springi. Tabaka za kadibodi zilipakwa gundi na kukunjwa zikiwa bado na unyevu, zikaachwa zikauke katika umbo la nusu duara, ngumu kiasi cha kuubana mgongo wa kitabu. Ukilifungua daftari la namna hiyo, mgongo unapanuka kidogo, halafu unazisukuma kurasa juu, nazo zinalala bapa kushoto na kulia. Kwa nje lilivikwa ngozi ya ndama, mara nyingi upande wa manyoya ukiwa umegeuzwa ndani, na lebo nyekundu yenye herufi za dhahabu ikabandikwa mgongoni.

Madaftari ya uteuzi wa maofisa wa jeshi la Shirikisho la Kusini, lile la majimbo 11 ya Marekani yaliyojitenga mwaka 1860 na 1861 ili kuulinda utumwa, ni ya ukoo huo. Yaliandikwa Richmond, Virginia, katika jengo la Mechanics' Institute ambalo Wizara ya Vita ilikuwa imeligeuza kuwa makao yake. Leo yako katika Nyaraka za Taifa za Marekani, katika kundi namba 109, pamoja na maelfu ya mabuku na masanduku ya serikali ambayo haipo tena. Nimevutwa nayo kwa sababu ya mkono uliomo ndani yake, na kwa sababu ya mikono mingine mingi iliyoyafikisha yalipo.

Ofisi yenyewe iliitwa ya Mnadhimu na Mkaguzi Mkuu, na mwenye ofisi alikuwa Jenerali Samuel Cooper. Mtu huyu hakupigana hata siku moja katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata kujitenga huko, lakini ndiye aliyekuwa mkubwa wa majenerali wote wa Kusini kwa cheo, juu ya Robert E. Lee. Alikuwa amehitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1815. Kuanzia 1852 hadi Machi 1861 alikuwa Mnadhimu Mkuu wa jeshi la Marekani, jeshi lile lile ambalo wiki chache baadaye lingekuwa adui yake. Alipojiuzulu na kwenda Kusini hakuchukua bunduki wala mizinga. Alichobeba kilikuwa kichwani: utaratibu mzima wa masjala. Barua iingie wapi, ipewe namba gani, ikunjwe vipi, nani aandike mgongoni mwake, na jina lihamie daftari gani. Kwa muda wote wa vita, makarani wa Washington na wa Richmond walifanya kazi kwa mazoea yaliyotoka katika ofisi moja.

Tuifuate barua moja. Mtu ameomba kuwa daktari wa jeshi, au mkuu wa ugavi, au msaidizi wa jenerali fulani. Barua yake inafika ikiwa na nyingine za wadhamini wake. Karani wa kupokea anaikunja mara tatu kwa urefu, ili ibaki na umbo jembamba linaloingia kwenye tundu la kabati, na juu ya mkunjo wa nje anaandika namba, jina, tarehe na muhtasari wa mistari miwili au mitatu. Muhtasari huo ni sanaa peke yake. Kurasa nne za kujieleza, kusifiwa na kulalamika zinageuka kuwa maneno kumi na tano. Waziri anasoma muhtasari. Akitaka, anafungua barua. Maelekezo yake yanaandikwa hapo hapo mgongoni, chini ya muhtasari, na sahihi zinapangana kushuka kadiri karatasi inavyopita meza hadi meza.

Uteuzi ukikubaliwa, inaandikwa hati ya kumwarifu mhusika, na hapo ndipo daftari kubwa linafunguliwa. Karani anachovya nibu ya chuma katika wino, anaigusisha kwenye mdomo wa kichupa ili tone la ziada lidondoke, na anaanza na jina la ukoo. Herufi kubwa ya kwanza inapewa nafasi na urembo kidogo. Zinazofuata zinakwenda kwa mwendo sawa, mstari wa kushuka ukiwa mnene kwa sababu ncha imekandamizwa ikafunguka, wa kupanda ukiwa mwembamba kwa sababu mkono umelegezwa. Linafuata jina la kwanza, jimbo, cheo, tarehe ya uteuzi, tarehe ambayo cheo kinaanza kuhesabiwa, tarehe ambayo Seneti imethibitisha, mtu anayepaswa kuripoti kwake, na tarehe ambayo ofisa amekubali. Baadhi ya safu zinaachwa wazi. Karani anajua zitajazwa baadaye, pengine na mwenzake, pengine na yeye mwenyewe baada ya miezi, kwa hiyo haruhusu neno la safu moja kumwagikia katika nyingine.

Wino wake ulikuwa wa vinundu vya mwaloni. Nyigu mdogo hutaga yai katika kichipukizi cha mwaloni, mti unavimba kumzunguka funza, na uvimbe huo umejaa tanini. Vinundu vilitwangwa, vikaloweshwa, vikachanganywa na salfeti ya chuma, halafu ikatiwa gundi ya kiarabu ili mchanganyiko uwe mzito na ushike kwenye nibu. Gundi hiyo hutoka kwenye migunga, na sehemu kubwa ya iliyouzwa duniani ilitoka Sudan; hivyo ofisi nyingi zilizokuwa zikiandika kwa wino huo, popote zilipokuwa, zilikuwa na kitu cha Afrika mezani. Wino mbichi ni hafifu. Unapogusana na hewa, chuma kinabadilika na maandishi yanakolea hadi kuwa meusi, yakiwa yamezama ndani ya nyuzi za karatasi. Huwezi kuyafuta kwa maji.

Karani akikosea, alikuwa na kisu kidogo chenye makali ya duara. Alikwangua neno taratibu, tabaka juu ya tabaka, akapuliza vumbi, halafu akasugua mahali pale kwa unga wa utomvu na kwa mfupa laini. Asipofanya hivyo, wino mpya ungekunywewa na karatasi iliyovuliwa gelatini na kutapakaa. Ukiuinamisha ukurasa dhidi ya taa, palipokwanguliwa panaonekana: karatasi ni nyembamba zaidi na inapitisha mwanga.

Safu inayonishika zaidi ni ile ya tarehe ya kuanza kuhesabiwa cheo. Kwa mtazamo wa haraka ni tarakimu tu. Jeshini ndiyo inayoamua nani ampigie saluti nani, na wawili wenye cheo kimoja wakikutana uwanjani, nani aongoze. Tarehe 31 Agosti 1861 Bunge la muda la Kusini liliwathibitisha majenerali kamili watano kwa siku moja. Kama tarehe ingekuwa moja kwa wote, wangebaki kugombana. Rais Jefferson Davis alikuwa amempa kila mmoja tarehe yake: Cooper 16 Mei, Albert Sidney Johnston 30 Mei, Lee 14 Juni, Joseph E. Johnston 4 Julai, P. G. T. Beauregard 21 Julai. Joseph Johnston alipojikuta wa nne aliwaka. Kabla ya vita alikuwa Mkuu wa Ugavi wa jeshi la Marekani akiwa na cheo cha brigedia, na wengine kati ya hao walikuwa makanali. Tarehe 12 Septemba alimwandikia Davis barua ndefu yenye uchungu. Siku mbili baadaye Davis alijibu kwa mistari michache ya baridi, na watu hao wawili hawakupatana tena mpaka mwisho wa vita. Wanahistoria bado wanapima ni kiasi gani ugomvi huo uliiharibia Kusini mipango yake. Kwa karani, ilikuwa mistari mitano katika safu moja, kila tarehe mahali pake, bila herufi kutetemeka.

Mwishoni mwa mstari kulikuwa na safu ya maelezo. Hapo ndipo daftari linapoacha kuwa orodha. Amejiuzulu. Amekataa uteuzi. Amepandishwa. Amefutwa. Ameuawa, na jina la mahali. Maneno haya hayakuandikwa siku moja na jina; yaliongezwa kila habari ilipofika, kwa nibu nyingine na wino wa rangi tofauti kidogo, mara nyingi kwa mwandiko mwingine. Nafasi ilikuwa finyu. Karani aliyelazimika kuandika kujiuzulu, kurudishwa kazini na kifo cha mtu mmoja katika kisanduku kisichozidi upana wa vidole viwili alipunguza herufi, akafupisha majina ya miezi, lakini alihakikisha mwaka unasomeka.

Fahirisi ilikuwa mwanzoni au katika kitabu cha pembeni, herufi moja baada ya nyingine, ukingo wa kurasa ukiwa umekatwa ngazi ili kidole kishuke moja kwa moja hadi herufi inayotakiwa.

Vita vilipokolea, Kusini kulikosa karibu kila kitu ambacho karani anahitaji. Meli za Muungano, yaani upande wa Kaskazini, zilifunga bandari. Viwanda vingi vya karatasi na vya madaftari vilikuwa Kaskazini. Watu waligeuza bahasha ndani nje wakazitumia tena, wengine walikamua matunda ya porini kupata wino, na huko Vicksburg mwaka 1863 gazeti lilichapishwa nyuma ya karatasi za kupambia ukuta. Bei ya unga ilipanda hadi mshahara wa karani ukawa mzaha. John B. Jones, karani wa Wizara ya Vita, aliandika mambo hayo katika shajara iliyochapishwa mwaka 1866. Wala kiti cha ofisini hakikuwa salama sana. Tarehe 1 Machi 1864 wapanda farasi wa Muungano chini ya Kanali Ulric Dahlgren walipoukaribia mji, kikosi cha makarani wa wizara mbalimbali kiliacha kalamu, kikatoka na bunduki kuelekea magharibi mwa Richmond, kikapigana nao gizani hadi wakarudi nyuma. Siku zilizofuata, wateuliwa wapya waliendelea kuingizwa daftarini.

Siwezi kusifu mkono huu bila kufungua karatasi nyingine zilizoko katika kundi lile lile namba 109. Ni hati za malipo za watumwa, karibu 6,000. Serikali ya Kusini ilipotaka kuchimba mahandaki na kujenga ngome, iliwaagiza wenye watumwa kuwatoa, na ikalipa kwa siku walizofanya kazi. Hati zina safu pia, zimepigwa mistari, zimeandikwa kwa mwandiko mzuri. Katika safu ya mwenye mtumwa kuna jina kamili. Katika safu ya aliyefanya kazi mara nyingi kuna jina moja tu, bila la baba wala la ukoo. Katika safu ya sahihi ya kupokea fedha anasaini mwenye mtumwa. Karani wa hati hizi alikuwa mwangalifu sawasawa na mwenzake wa maofisa. Alijumlisha hadi senti ya mwisho. Ustadi wake ulitumika kuandika dhuluma kwa usahihi, na usahihi huo ndio unaowasaidia leo wazao wa watumwa hao kumwona babu yao mahali fulani, mwezi fulani, akiwa na sepetu mkononi. Nauheshimu mkono. Kazi uliyotumwa kuifanya siiheshimu.

Jumapili tarehe 2 Aprili 1865, Lee alituma habari kwamba hawezi tena kuilinda Richmond. Ilikuwa mchana wa kuchagua. Katika ofisi za serikali makarani walivuta droo, wakatenganisha cha kuokoa na cha kuchoma, na karatasi nyingi zikaishia motoni barabarani. Usiku treni ziliondoka kuelekea kusini. Alfajiri, moto uliowashwa kwenye maghala ulishika sehemu kubwa ya mji. Waliofunga madaftari katika masanduku siku ile walikuwa na saa chache, na daftari la mgongo wa springi ni zito. Kwamba waliyachagua hata hivyo ni jambo ambalo halikuwa lazima.

Mizigo ilipita Danville, ikapita Greensboro, ikafika Charlotte, North Carolina. Davis aliendelea kukimbia. Cooper, aliyekuwa na miaka 66, alibaki na masanduku. Mwanzoni mwa Mei, Jenerali Joseph Johnston, yule yule wa nafasi ya nne, ambaye alikuwa amekwisha kusalimu amri, alimwandikia Jenerali John Schofield wa Muungano kwamba nyaraka za Wizara ya Vita zipo Charlotte, kwamba zitafaa kwa historia, na kwamba yuko tayari kumkabidhi mtu atakayetumwa kuzipokea. Yalikuwa masanduku 81, yenye uzito wa tani kama kumi. Yalisafirishwa hadi Washington.

Hapo daftari linaingia mikononi mwa kundi la pili la makarani, wale wa upande ulioshinda. Julai 1865 Wizara ya Vita ya Marekani iliunda ofisi ya nyaraka zilizotekwa na kumweka kuiongoza Francis Lieber, msomi mzaliwa wa Berlin aliyekuwa ameandika kanuni za vita za jeshi la Muungano mwaka 1863. Alikuwa amefundisha South Carolina kwa miaka 20. Mwanawe Oscar alikufa 1862 akiipigania Kusini; mwanawe mwingine, Hamilton, alipoteza mkono mwaka huo huo akiupigania Muungano. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa kupanga karatasi za adui.

Masanduku yalifunguliwa, mabuku yakapanguswa, yakagawanywa kwa ofisi yaliyotoka. Mabuku ya Mnadhimu Mkuu yaliitwa Sura ya Kwanza, na kila buku likapata namba ndani ya sura yake. Namba hizo bado zinatumika. Anayeomba kuona daftari la uteuzi leo anaandika sura na namba ya buku, na kwa tendo hilo anatumia mpangilio wa watu waliokuwa wakifungua misumari ya masanduku ya Charlotte.

Serikali ilikuwa na sababu zake za kuyatunza, na hazikuwa za mapenzi. Mwanzoni ilitafuta ushahidi dhidi ya viongozi wa Kusini. Baadaye, mwaka 1871, ikaundwa tume ya kusikiliza madai ya watu wa Kusini waliosema walibaki waaminifu kwa Muungano na kwamba jeshi lake lilichukua ng'ombe wao, mahindi yao, nyua zao. Madai zaidi ya 22,000 yaliletwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwa la upande wa pili. Mdai akiapa kwamba hakuwahi kuisaidia Kusini, karani wa Washington alitafuta jina lake katika nyaraka zilizotekwa, na akilikuta hapo, fidia iliota mbawa.

Mwaka 1878 wizara ilimwajiri Marcus J. Wright, aliyekuwa brigedia wa Kusini, kuwaendea wenzake wa zamani na kuwaomba karatasi walizozificha majumbani. Nyingi alizozipata, pamoja na zilizotoka Charlotte na Richmond, ziliingia katika mkusanyo mkubwa wa kumbukumbu rasmi za vita, vitabu 128 vilivyochapishwa kati ya 1880 na 1901. Kuanzia 1903 hadi 1927 ikafanyika kazi ambayo naiona ya ajabu kuliko zote kwa uvumilivu. Kila jina katika kila orodha, rejista na hati ya malipo ya askari wa Kusini lilinakiliwa katika kadi yake. Kadi moja kwa kutajwa kumoja. Chini ya kadi mwandishi aliyenakili alitia sahihi. Kadi za mtu mmoja ziliwekwa katika bahasha moja, na bahasha zikapangwa kwa majimbo na vikosi. Tangu hapo watafiti wengi wanafungua bahasha, na mabuku yenyewe yanapumzika.

Lakini si kila daftari lilipitia Charlotte. Mengine yalichukuliwa na askari kama kumbukumbu, mengine yalibaki na familia za makarani, na hujitokeza darini au kwenye mnada. Hapo inahitajika kazi ya kuthibitisha asili, nayo huanza polepole. Mtaalamu halianzi daftari kwa kulisoma. Analitazama likiwa limefungwa: ngozi imechakaa wapi, pembe zipi zimegongwa, lebo ni ya wakati gani, kama fundi jalada aliacha kikaratasi cha jina lake ndani. Anahesabu vifungu kimoja kimoja na kutafuta visiki, yaani kingo nyembamba zinazobaki karatasi ikikatwa. Anatafuta mihuri, namba za penseli, wino mwekundu wa makarani wa baadaye. Halafu anawasha taa ya miale ya urujuani. Karatasi iliyotengenezwa baada ya katikati ya karne ya 20 mara nyingi hung'aa buluu kwa sababu ya dawa za kuifanya iwe nyeupe. Ya matambara haing'ai hivyo. Wino wa vinundu vya mwaloni unabaki mweusi chini ya miale hiyo, na chini ya miale ya infraredi unafifia mpaka kutoweka, wakati wino wa masizi unabaki.

Yakishapita hayo ndipo yanakuja maneno yenyewe. Tarehe za kuthibitishwa zinalinganishwa na kumbukumbu za Bunge la Kusini, zilizochapishwa katika mabuku saba mwaka 1904 na 1905, na hati za uteuzi zilizobaki kwa familia zinalinganishwa na mistari ya daftari. Mghushi anaweza kuiga mwandiko. Ni vigumu zaidi kuiga miandiko sita, kila mmoja ukiongeza maelezo kwa wakati wake, na wino kila mara ukiwa umezeeka kwa kiwango chake.

Likithibitishwa, daftari huenda kwa mhifadhi, na hapa tunakutana tena na vile vinundu vya mwaloni. Wino ule ule ulioshika kwa nguvu una asidi, na chuma kilichozidi ndani yake huendelea kuila karatasi. Palipo na mstari mnene, herufi inaweza kupasuka na kudondoka, ikaacha tundu lenye umbo lake. Mhifadhi anapima kwanza: kipande kidogo cha karatasi yenye dawa kinaloweshwa kidogo sana na kugusishwa kwenye herufi. Kikigeuka waridi, chuma kibaya kipo. Hapo maji yanakuwa adui, kwa sababu yakienea yanakibeba chuma na kukipeleka pasipokuwa na wino.

Basi anafanya kazi karibu kwa ukavu. Vumbi linaondolewa kwa brashi laini, kutoka mshononi kwenda nje, ukurasa kwa ukurasa. Kwa mipasuko anatumia karatasi ya Kijapani itokanayo na mti wa jamii ya mforosadi, nyembamba kiasi cha gramu 5 au pungufu kwa mita ya mraba. Ameshaipaka gelatini na kuiacha ikauke siku zilizotangulia. Anachana kipande kwa sindano badala ya mkasi, ili kingo zibaki na nyuzi zitakazoshika bila kuonekana. Anakigusisha kwenye karatasi ya chujio iliyolala juu ya sponji yenye unyevu, kwa sekunde chache, mpaka gelatini iamke; anakiweka juu ya mpasuko kwa kibano, anakifunika na karatasi ya kukaushia, anaweka uzito mdogo, anasubiri. Gelatini ndiyo ile ile aliyoitumia mtengeneza karatasi mwanzoni. Ukurasa mmoja wenye madonda unaweza kumaliza asubuhi nzima, na daftari lina mamia ya kurasa.

Waliomtangulia walikuwa na haraka zaidi. Kulikuwa na wakati wa kubandika hariri nyembamba juu ya nyaraka, na kuanzia miaka ya 1930 ikaja mbinu ya William Barrow wa Virginia ya kuzifunga ndani ya plastiki ya asetati kwa joto. Zilionekana salama. Sasa wahifadhi wengi wanatumia miaka kuiondoa plastiki hiyo. Kwa hiyo mhifadhi wa leo anaandika ripoti: kila kiraka, kila gundi, kila mahali alipoamua asiguse. Anamwandikia atakayekuja kumrekebisha.

Mtafiti akilipata daftari likiwa limetengemaa, mara nyingi analoendea ni swali dogo: fulani alikuwa jenerali kweli? Ezra Warner, aliyehesabu kwa makini katika kitabu chake cha 1959, alifikia majenerali 425. Waliojiita hivyo, au walioitwa hivyo na majirani, ni wengi kuliko hao. Baada ya Vicksburg kuanguka tarehe 4 Julai 1863, majeshi ya magharibi mwa mto Mississippi yalikatika na Richmond, na Jenerali Edmund Kirby Smith alianza kuwapa watu wake vyeo bila kumsubiri Davis. Mmoja wao, Horace Randal wa Texas, aliongoza brigedi akiwa brigedia kwa amri ya Kirby Smith, akajeruhiwa vitani Jenkins' Ferry, Arkansas, tarehe 30 Aprili 1864, akafa siku mbili baadaye. Davis hakuwahi kumteua kwa cheo hicho wala Seneti haikumthibitisha. Mwaka 1876 Texas iliunda wilaya kwa heshima yake, na sheria iliyoiunda ikaliandika jina lake kwa L mbili. Wilaya inaitwa Randall hadi leo.